Mtoto Huyu Ataitwa Nani?



Katika barua zilizotufikia kuna moja iliyotoka Mwamkulu, katika Manispaa ya Mpanda, nayo imetufanya tuweke kando habari nyingine tuliyokusudia kuiandika juma hili. Aliyeiandika ni baba kijana, mkulima wa mpunga. Mkewe alijifungua mwisho wa kiangazi, mtoto wa kiume, kifungua mimba wao. Sasa mtoto ana miezi saba. Anakaa peke yake juu ya mkeka na ameanza kutambaa. Lakini hajabatizwa. Si kwamba wazazi wake hawana imani, wala si kwamba kanisa liko mbali. Hajabatizwa kwa sababu watu wa mji ule hawajapatana juu ya jina lake.

Babu yake mtoto ni Msukuma aliyehamia nchi ya Mpanda na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Yeye ataka mjukuu aitwe Mabula, ambalo lilikuwa jina la marehemu baba yake. Mama wa mtoto ataka aitwe Jayden, jina alilolipata katika simu, nalo lampendeza masikioni. Kijana wetu yuko katikati kama mtu aliyeshikwa mikono na watu wawili, kila mmoja akivuta upande wake. Kwa babu mtoto huitwa Mabula, chumbani kwa mama huitwa Jayden, na majirani, ili wasimuudhi mtu, humwita "Mtoto" tu.

Hayo tungeweza kuyacheka. Lakini barua yaendelea. Tangu mvua zilipoanza, mtoto ameshikwa na homa kali mara mbili. Mara ya pili bibi yake alisema mbele ya watu kwamba marehemu "analilia jina lake," na kwamba mkwe wake akizidi kushupaa, mtoto atamfia mikononi. Tangu siku ile mama huyo kijana halali usingizi. Mtoto akikohoa, yeye hushtuka kama mshtakiwa aliyeitwa na hakimu. Mwisho wa barua mumewe atuuliza: "Padre, kati ya majina hayo mawili, lililo halali kwa Mkristu ni lipi?"

Swali hilo tutalijibu, ila si kwanza. Kwanza ni ile homa.

Mashamba ya mpunga yana maji. Maji yaliyotuama huzaa mbu, na mbu huleta malaria. Mbu haulizi jina la mtu kabla ya kumwuma. Mtoto wa miezi saba akishikwa na homa apelekwe zahanati siku ile ile, apimwe damu, apewe dawa, na kila usiku alale ndani ya chandarua. Hakuna mtoto aliyepona malaria kwa kubadilishwa jina. Na mtoto anayecheleweshwa dawa kwa kuwa wazee wangali wakipiga ramli, huenda jina likapatikana yeye mwenyewe akiwa hayupo. Twasema hivyo bila kuficha, maana kuna mambo ambayo Padre akiyasema kwa kuzungukazunguka atakuja kuulizwa na Mungu.

Twajua kwamba bibi huyo hakuyatunga maneno yale. Ameyapokea kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Imani kwamba mtoto anayelia usiku na kukataa ziwa anadaiwa jina na marehemu imeenea katika makabila mengi ya nchi yetu. Kwa baadhi ya watu mwaguzi hutaja majina ya marehemu mmoja mmoja, na lile ambalo mtoto hunyamaza likitajwa, basi ndilo. Mtoto, naam, hunyamaza. Hata mwenye maumivu huchoka kulia. Yaelekea bibi huyo asema kwa upendo, kwa kuwa aogopa kumpoteza mjukuu. Lakini upendo wenye hofu umemweka mke wa mwanawe kizimbani kwa kosa ambalo halipo, nalo hilo ni jambo zito kuliko jina lolote. Kumwambia mama mzazi kwamba atamwua mtoto wake kwa ukaidi ni kumpiga mahali asipoweza kujikinga. Mume aliyeisikia kauli hiyo naye akanyamaza kwa heshima ya wazazi, imempasa sasa aseme. Aseme kwa adabu, akiwa ameketi, si kwa kelele, lakini aseme.

Baada ya hayo twaweza kulirudia swali la jina.

Kanisa Katoliki lasemaje? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 761, iliwaagiza Mapadre waangalie kwamba anayebatizwa apewe jina la Kikristu. Na kama wazazi hawakukubali, Padre aongeze jina la Mtakatifu juu ya jina walilolichagua wao, yote mawili yaandikwe katika kitabu cha Ubatizo. Angalieni vizuri: hata wakati ule, ambao wengi wadhani ulikuwa wa ukali mtupu, jina la wazazi halikufutwa. Sheria mpya ya mwaka 1983, kanuni ya 855, yataka wazazi, wasimamizi na Paroko waangalie tu kwamba mtoto hapewi jina lisilopatana na fikira za Kikristu. Basi, kijana wetu wa Mwamkulu, jibu fupi ni hili: Mabula ni halali, na Jayden ni halali. Mabula, katika Kisukuma, latokana na neno la mvua. Ni jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua, kama vile wa kike aitwavyo Kabula. Je, mvua ina dhambi gani? Na Jayden ni jina ambalo watu wa Marekani walilipenda sana katika miaka ya 2000, nalo halimtukani Mungu wala mtu.

Lakini kwa jibu hilo fupi hamtalala salama leo, maana ugomvi wenu haukuwa wa sheria. Twaomba kila mmoja aulizwe swali jingine: wewe walitaka jina hilo kwa nini?

Babu akijibu kwamba, "Kwa sababu ni jina la jadi," tutamwambia kwamba jibu hilo halitoshi. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walipofika Karema mwaka 1885, walikuja na kalenda ya Watakatifu, na kwayo wakabatiza. Ndiyo sababu hata leo, kutoka ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi Ufipa, mtawakuta wazee wenye majina kama Ladislaus, Gervas, Polikarpo na Deogratias. Ladislaus alikuwa mfalme wa Hungaria, aliyefariki mwaka 1095. Wafikirieni mabibi wa wakati ule, jina la mfalme wa Hungaria linafika kijijini kwa mara ya kwanza! Bila shaka wengine waliuma ulimi, na wengine walisema mtoto ameharibiwa. Leo Ladislaus ni jina la babu, jina la heshima, na mjukuu akikataa kuitwa hivyo huambiwa ameacha desturi. Basi jina geni la jana ndilo jadi ya leo.

Tena si kila jina la jadi ni zawadi. Yako majina tunayowapachika watoto kama mtu atundikaye mzigo wake juu ya bega la mwingine: Mashaka, Tabu, Shida, Majuto, Mateso. Mama alipatwa na taabu wakati wa mimba, au mume alimkimbia, au ukoo ulikuwa na kesi, na mtoto asiyejua lolote akapewa kesi ile aibebe hadi kaburini. Katika kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Raheli, mke wa Yakobo, aliyekuwa akikata roho katika kujifungua. Akamwita mwanawe Benoni, yaani mwana wa huzuni yangu. Yakobo alimpenda Raheli kuliko watu wote wa dunia, na neno lile lilikuwa la mwisho kutoka kinywani mwake. Hata hivyo hakumwachia mtoto jina lile. Alimwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Yakobo alikuwa amefiwa, naye alikuwa na haki ya kulia maisha yake yote, lakini kilio kilikuwa chake yeye, si cha mtoto. Baba aliyekwisha kumwita bintiye Tabu asifadhaike kwa kusoma haya. Wako akina Tabu wengi ambao ni furaha ya nyumba zao. Ila aliye na mtoto wa kumpa jina mwaka huu na afikiri kwanza.

Wengine husema kinyume, kwamba majina ya asili yote yafaa yatupwe kwa sababu yamechanganyika na mizimu. Hao nao hawajafikiri. Hebu tumtazame mtu ambaye kila Mtanzania amjua. Mwaka 1922, kule Butiama katika nchi ya Wazanaki, Chifu Nyerere Burito alipata mtoto wa kiume kwa mkewe Mgaya. Mtoto aliitwa kwanza Mugendi, maana yake mtembezi. Halafu, kwa shauri la mwaguzi, jina likabadilishwa, akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua. Je, mwaona jinsi jambo hili linavyofanana na la Mwamkulu? Mvua huku, mvua kule. Mwaguzi kule, na huku bibi anayesema maneno ya waaguzi. Kambarage akakua, akasoma, na mwezi Desemba 1943 akabatizwa, akachagua jina Julius. Lakini lile la kwanza hakulitupa. Akawa Julius Kambarage, akawa mwalimu, akawa Rais wa kwanza wa nchi yetu, na mwaka 2005 Jimbo la Musoma likaanza uchunguzi wa maisha yake ili, Mungu akipenda, atangazwe Mwenye Heri. Leo twamwita Mtumishi wa Mungu. Pepo wa mvua hakuwa na la kudai. Maji ya Ubatizo yalimpata mtoto pamoja na jina lake, yakayachukua yote mawili.

Na lile jina la baba yake, Nyerere, je? Kwa Kizanaki ni viwavi, kwa kuwa Burito alipopata mwana huyo nchi ilikuwa imevamiwa na viwavi. Viwavi waharibifu wa mashamba! Mtoto gani leo akisikia jina la Nyerere hufikiri kiwavi? Mwenye jina alilijaza kwa maisha yake hata maana ya kwanza ikasahauliwa.

Jambo hilo si geni katika Kanisa. Mtakatifu Martin, Askofu wa Tours, aliyefariki mwaka 397, alikuwa mtoto wa askari mpagani, na jina lake latokana na Mars, mungu wa vita wa Warumi. Kwa majirani zetu wa Buganda, Mukasa lilikuwa jina la mungu wa Ziwa Nyanza, ambaye wavuvi walimtolea sadaka. Lakini Yosefu Mukasa Balikuddembe alimwaga damu yake kwa ajili ya Kristu tarehe 15 Novemba 1885, na Papa Paulo wa Sita akamtangaza Mtakatifu pamoja na wenzake tarehe 18 Oktoba 1964. Pamoja nao yumo Kizito, mdogo kuliko wote, aliyebatizwa na Karoli Lwanga siku chache tu kabla ya kuchomwa moto Namugongo. Sisi twamjua kwa jina lake la Kiganda tu, na leo katika Afrika Mashariki yote watoto hubatizwa kwa jina la Kizito. Jina la Kiafrika halikuingia katika kalenda kwa kuombewa ruhusa na mkutano wowote. Liliingia kwa sababu mwenye jina alikuwa Mtakatifu.

(Nasi wakazi wa Katavi tusijifanye tumesahau kwamba jina la mkoa wetu, ulioundwa mwaka 2012, lilitokana na Katabi, yule ambaye wazee husimulia kwamba roho yake yakaa katika mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Anayeogopa majina yenye asili hiyo itambidi ahame mkoa.)

Basi, je, tumempa babu ushindi? Ngojeni kidogo, maana Injili ina neno kwa upande wa mama.

Mtakatifu Luka, katika sura ya kwanza, asimulia jinsi majirani na jamaa walivyokusanyika siku ya nane kumtahiri mtoto wa Elizabeti. Walikuwa wamekwisha kukata shauri: mtoto ataitwa Zakaria, kwa jina la baba yake. Elizabeti alikataa, akasema ataitwa Yohane. Jamaa walimjibu nini? Walimjibu kwamba katika ukoo wake hakuna mtu mwenye jina hilo. Ndugu zangu, si ndilo neno lile lile linalosemwa Mwamkulu? Jina si la ukoo! Nao walimpita mama, wakamgeukia baba kwa ishara, maana alikuwa bubu. Wakidhani bila shaka kwamba mwanamume atanyosha mambo. Zakaria akaomba kibao, akaandika kwamba jina la mtoto ni Yohane. Hakuandika kwamba apendekeza, au kwamba watu waendelee kujadiliana. Aliandika neno ambalo mkewe alikuwa amekwisha kulisema, na palepale ulimi wake ukafunguliwa.

Basi wazee wetu watazame: katika Injili Takatifu jina la jadi lilishindwa, jina geni likashinda, na aliyelisema kwanza mbele ya ukoo alikuwa mama. Lakini akina mama nao watazame vizuri. Elizabeti hakulichagua jina la Yohane kwa kuwa lilivuma mjini. Lilitoka kwa Mungu, kwa kinywa cha Malaika, na lilikuwa na maana ambayo yule mama mzee aliyedharauliwa miaka mingi kwa utasa aliielewa kuliko mtu yeyote: Mungu amehurumia. Ugeni wa jina haukuwa sifa yake, wala haukuwa kosa lake.

Basi na mama wa Mwamkulu aulizwe kwa upole: Jayden ni nani? Akisema ni mtu fulani aliyemtendea wema, au muuguzi aliyemsaidia usiku wa kujifungua, tutalipokea jina hilo kwa heshima. Lakini kama ni sauti tu iliyompendeza, kama kitambaa kizuri kilichotundikwa dukani, basi ajue kwamba kitambaa cha mwaka huu mwakani hakitazamwi. Wako watoto wengi katika parokia zetu wenye majina ya wachezaji wa mpira na ya waigizaji ambao wazazi wao wamekwisha kuwasahau. Tena kuna taabu nyingine ndogo, ambayo karani yeyote wa parokia aijua. Jina lisilojulikana huandikwa namna moja katika kadi ya kliniki, namna nyingine katika cheti cha kuzaliwa, na namna ya tatu katika kitabu cha mwalimu. Mtoto akifika umri wa kutafuta kitambulisho cha taifa au kazi, huambiwa kwamba yeye ni watu watatu. Ndipo huanza safari za kwa wakili kula kiapo, na kila safari ina gharama yake.

Twadhani, hata hivyo, kwamba mama huyu hakulipenda Jayden sana kama wengi wanavyofikiri. Twasoma katika barua ile kwamba tangu mwanzo hakuulizwa. Babu alitamka "Mabula" siku ile ile mtoto alipozaliwa, na jambo likahesabiwa limekwisha. Yeye aliyembeba miezi tisa hakuwa na kitu cha kumpa mwanawe kilichotoka kwake, akatafuta, akapata jina katika simu. Mtu aliyenyimwa mlango hupita dirishani. Mkitaka aache dirisha, mfungulieni mlango.

Kitu gani basi chafanya jina liwe zawadi? Sisi twaona ni hiki: ndani ya jina awemo mtu, na mtoto aweze kusimuliwa habari zake. Kwa jambo hili nchi ya Karema ina mfano ambao haupatikani kila mahali. Mnamo mwaka 1866, karibu na Mto Niger, mbali sana katika nchi ambayo leo ni Mali, alizaliwa mtoto aliyeitwa Atiman. Aliibwa angali mdogo, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara hadi Aljeria, na huko Wamisionari wakamkomboa. Walimbatiza kwa jina la Adrian, wakampeleka Malta kusomea uganga, na mwaka 1889 akafika Karema. Hapo alikaa, akawa tabibu na katekista, hadi alipofariki mwaka 1956. Fikirini: walimnyang'anya wazazi, nchi, lugha na uhuru, jina hawakuweza. Alilibeba Atiman mpaka kwenye Ziwa Tanganyika, akamwachia mwanawe Yosefu, ambaye akawa Padre, na leo lasomwa juu ya lango la hospitali mjini Sumbawanga. Adrian alilipewa na Kanisa, Atiman alilipewa na mama yake, nayo hayakugombana hata siku moja.

Mwingine hakuwa na bahati hiyo. Mtakatifu Yosefina Bakhita, mzaliwa wa Darfur katika Sudan, aliibwa vivyo hivyo, na kwa hofu aliyoipata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, ambalo kwa Kiarabu ni mwenye bahati, yaelekea walimdhihaki. Alibatizwa Venice tarehe 9 Januari 1890, na katika majina aliyopewa siku ile lilikuwamo Fortunata, yaani lile lile Bakhita kwa Kilatini. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Dhihaka ya wezi wa watu sasa huitwa katika litania. Lakini jina ambalo mama yake alimwitia kutoka mlangoni jioni, hilo hakuna ajuaye. Yeyote anayetaka kulitupa jina la babu yake kwa kuona haya tu mbele ya watu wa mjini, na amkumbuke mtoto huyo aliyetamani kulikumbuka lake asiweze.

Sasa twarudi Mwamkulu, kwa maneno ya kazi.

Mzee wetu, baba wa ukoo, aketi na mkwe wake jioni moja, amsimulie Mabula alikuwa nani. Asimulie yote: alikotoka, jinsi alivyofuga na kulima, njaa alizoziona, jinsi alivyowatendea wageni, hata ukali wake kama alikuwa mkali. Asitaje kulia kwa marehemu wala madai yoyote. Sisi Wakristu twawaombea marehemu wetu Misa, na kuwaombea si kuwaogopa. Kama mzee ataka kumtendea baba yake jambo jema, aende kwa Paroko aombe Misa, wala asimwachie mtoto wa miezi saba deni lile. Jina Mabula likitolewa kwa upendo, twaona lafaa sana, na tungependa mtoto alipate. Likitolewa kwa hofu ya kifo, ni afadhali lingoje mtoto mwingine. Tena bibi aende kwa mkwe wake aliondoe lile neno alilolisema mbele ya watu, naye aliondoe mbele ya watu.

Mama, naye, achague jina la Ubatizo. Hilo liwe lake, asiingiliwe na babu, wala na shemeji, wala na mumewe, wala na Padre. Akitaka jina lisilosikika kila nyumba, kalenda ya Watakatifu ni ndefu kuliko simu yake. Yumo Deogratias, Askofu wa Karthago, aliyeuza vyombo vya thamani vya kanisa ili kuwakomboa mateka. Yumo Atanasi wa Misri, aliyefukuzwa mjini mwake mara tano asikane imani. Yumo Kizito. Asome, au amwombe katekista amsomee, na atakayempenda amchague. Mwanawe atakuwa na mwombezi mbinguni na siku ya kusherehekea. Kama baada ya hayo yote moyo wake ungali kwa Jayden, basi na liwe jina la kubembelezea nyumbani. Nyumba nyingi zina majina ya namna hiyo nayo hayamdhuru mtu.

Na mtu asihofu kwamba jina la kwao litamzuia mtoto huyo kwenda mbele. Mzaliwa wa nchi hii hii ya Mpanda alikuwa Waziri Mkuu wa Tanzania tangu mwaka 2008 hadi 2015. Jina Peter alikuwa nalo, lakini taifa zima lilimjua kwa jina la Mizengo.

Kwako wewe, baba kijana uliyetuandikia: sheria ya Kanisa, kanuni ya 867, yataka wazazi wahakikishe watoto wanabatizwa katika majuma ya kwanza. Mwanao amengoja miezi saba kwa sababu ya watu wazima. Juma hili mwende wewe na mkeo kwa katekista, mpeleke majina ya wasimamizi wawe watu wanaoishi imani yao, mpange siku. Majina mtakayopatana yaandikwe kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa, na karatasi ile ile mwende nayo parokiani na kwa msajili wa vizazi, ili cheti cha Ubatizo na cheti cha kuzaliwa vifanane herufi kwa herufi. Siku ya Ubatizo mwombeni bibi amshike mtoto mpaka mlangoni mwa kanisa. Hapo Padre huuliza jina kwa sauti, na mama ndiye atakayejibu.